Kabla hujaruhusu mtu asafishe dakti za AC nyumbani kwako, soma hapa kwanza

Malalamiko ya wateja tunayopokea ofisini kwetu yamekuwa mengi tena, na yanafanana kiasi kwamba fomu naweza kuijaza kabla mlalamikaji hajamaliza kuongea. Mtu kapigiwa simu ambayo hakuitegemea, kaambiwa kuna ofa ya kusafisha dakti (njia zinazopitisha hewa ya AC vyumbani, mara nyingi za bati) za nyumba nzima kwa hela kiduchu, wamekuja vijana wawili na vakyumu ya kawaida tu kama ya kwako, baada ya muda mfupi anaoneshwa kwenye simu picha ya ukungu mweusi (kuvu) wa kutisha, anaambiwa hewa anayovuta yeye na wanae ni sumu, na ile bei ya ofa inapanda hapo hapo sebuleni. Wengine wamelipa. Wengine wamelipa na hata dakti hawana!

Ndiyo, hawana. Kama AC yako ni ile ya ukutani, mashine moja ndani na nyingine nje, huna dakti. Una koili (mabomba yanayopoza hewa), feni na filta, na hizo anazisafisha fundi AC kwenye sevisi ya kawaida. Hili lilikuwa halihitaji kuandikwa lakini kwa simu tunazopokea basi acha liandikwe.

Sasa kwa wenye mfumo wa dakti. Swali tunaloulizwa kila siku ni "nisafishe kila baada ya muda gani?" Jibu ni kwamba hakuna muda. Dakti hazisafishwi kwa kalenda, zinasafishwa kwa hali iliyopo ndani yake. EPA, yaani shirika la mazingira la Marekani, lilitoa mwongozo wake kuhusu jambo hili mwaka 1997 na msimamo wake ni huo huo: haijawahi kuthibitishwa kwamba kusafisha dakti kunazuia magonjwa, na hawapendekezi ifanywe kama ratiba, ifanywe pale tu panapohitajika. Canada nako shirika lao la nyumba, CMHC, lilipima hewa kwenye nyumba kabla na baada ya kusafisha na halikukuta tofauti ya maana. Kwa hiyo mtu akikwambia "kila mwaka lazima", muulize lazima ya nani.

Najua mtu atasema "lakini mimi nimefungua grili (kile kifuniko chenye matundu hewa inapopita) nikaona vumbi". Vumbi lipo kwenye dakti za kila nyumba. Sehemu kubwa ya hilo vumbi imeng'ang'ania kwenye bati na haiendi popote, na vumbi unalofuta mezani kila asubuhi kwa kawaida linaletwa na viatu, madirisha, nguo, mazulia na watu wenyewe. Moshi wa jikoni na wa sigara ndani ya nyumba unakuchafulia hewa zaidi ya dakti yenye vumbi jepesi. Kuna mzee mmoja tulibishana sana kwenye simu, analalamikia dakti, na nyuma namsikia anakohoa huku anawasha sigara nyingine. Sina la kuongeza hapo.

Hali ambazo sisi tunasema safisha, bila ubishi, ni hizi. Kwanza, panya au wadudu wameingia na kukaa humo: kinyesi, viota, mizoga, harufu. Pili, dakti imeziba kwa vumbi na takataka kiasi kwamba hewa inapita kwa shida, au ukiwasha mfumo unaona kabisa chembe zinatoka kwenye grili na kutua kwenye fanicha. Hii inatokea sana nyumba ikishajengwa au kukarabatiwa, mafundi wamekata mbao na kusaga kuta huku AC inawaka, vumbi lote limevutwa ndani. (Ukifanya ukarabati, zima mfumo na ziba grili zote kwa nailoni na tepu, hutahitaji kumlipa mtu baadaye.) Tatu ni ukungu mwingi unaoonekana kwa macho, ndani ya dakti za bati au kwenye sehemu nyingine za mfumo kama koili na trei ya maji. Hapa kwenye ukungu naomba tukae kidogo maana ndipo watu wanapoliwa.

Kitu cheusi sio lazima kiwe ukungu. Ile michirizi myeusi kwenye dari kuzunguka grili mara nyingi ni vumbi la chumbani limeganda pale kwa sababu hewa ya baridi inaleta unyevu. Hata mtaalamu akiangalia kwa macho hawezi kuapa. Uhakika unatoka maabara, na kuchukua sampuli sio sayansi ya roketi: kipande cha selotepu ya wazi kinabandikwa juu ya doa, kinabanduliwa, kinapelekwa maabara ya vijidudu wanaangalia kwa hadubini. Kwa hiyo akikwambia ni ukungu, sema sawa, nioneshe ulipo kwa macho yangu, kwenye dakti yangu, sio kwenye galari ya simu yako, halafu tuchukue sampuli. Utashangaa wangapi wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi sehemu nyingine.

Na ukishathibitika, kuna swali la kuuliza kabla ya kusafisha, maji yanatoka wapi? Ukungu hauoti pakavu. Kuna trei imeziba, bomba la kutolea maji limepanda badala ya kushuka, dakti imepasuka kwenye maungio inavuta hewa yenye unyevu kutoka darini, au insulesheni (kifuniko cha kuzuia joto) imelegea na bati linatoa jasho. Bila kurekebisha hapo unasafisha leo na ukungu unarudi, na kampuni inarudi pia kwa furaha kabisa. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba ujitahidi uwe chini ya asilimia 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50. Halafu kuna hili ambalo halisemwi na wauzaji: kama dakti yako ina insulesheni ya faibaglasi (nyuzi za kioo) ndani, na hiyo faibaglasi imelowa au imeota ukungu, haisafishiki. Inatolewa inawekwa nyingine. Mtu anayekuuzia kusafisha faibaglasi yenye ukungu anakuuzia maji ya mvua.

Kuangalia mwenyewe hakuhitaji mtaalamu. Zima mfumo, fungua skrubu za grili moja ya kutolea hewa na moja ya kuvutia hewa, ingiza simu ikiwa na tochi, rekodi video mpaka mkono unapofika. Utando mwembamba wa kijivu, achana nao. Grili ya kuvutia ikiwa na manyoya ya vumbi, hiyo ni kawaida, osha au pitisha vakyumu basi. Ukiona mabonge, vinyesi, maji, au kitu chenye manyoya kimeota kwenye bati, hapo ndipo uite mtu. Video uitunze, itakusaidia huko mbele. Ila kama nyumba ni ya zamani na dakti zimefungwa kwa tepu au kitambaa cheupe cha zamani kinachopukutika, usiguse kabisa, inaweza kuwa asbesto (madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu), hiyo ni kazi ya watu wengine kabisa wenye vibali vyao.

Kwa wenye mzio, pumu au mtoto anayekohoa, hatusemi mpuuzie. Muone daktari, maana sisi sio madaktari na makala hii haichukui nafasi yake. Tunachosema ni kwamba usitumie hela ya matibabu kusafisha dakti kwa matumaini, na kampuni inayokuahidi pumu itaisha inasema kitu haiwezi kukithibitisha.

Haya, umeangalia, umeona sababu, umeamua. Utaratibu ni huu na tafadhali ufuateni wote maana tukija kusuluhisha ndiyo tunauliza. Kampuni ije ikague kwanza, ikuoneshe tatizo, iandike makadirio. Makadirio yataje kila sehemu: dakti za kutoa na za kuvuta, grili, koili, trei ya maji, feni na boksi lake, yaani mfumo mzima. Kusafisha dakti peke yake ukaacha koili na feni chafu ni kupoteza muda, maana hewa yote inapita hapo. Kazi yenyewe inafanyika kwa kuweka mashine kubwa ya kuvuta inayofanya dakti nzima iwe inavutwa hewa kwa ndani, huku brashi inazungushwa kubandua uchafu, ili kinachobanduka kivutwe kitoke na kisije chumbani. Hiyo mashine itoe hewa nje ya nyumba. Ikitoa ndani lazima iwe na filta ya HEPA, ile inayokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, la sivyo vumbi lako lote litahamia kwenye makochi. Dakti za faibaglasi na zile laini za kukunjika zinatumia brashi laini, vinginevyo zinachanika. Matundu waliyotoboa kuingizia vifaa wayazibe vizuri, na mwisho wafungue mbele yako uangalie mwenyewe kwa tochi. Ni kazi ya saa kadhaa. Aliyemaliza kwa nusu saa nyumba nzima hajasafisha, ametembea.

Jambo la dawa. Wakishamaliza wanapenda kukuuzia dawa ya kupuliza "kuua vijidudu", au mashine ya ozoni. Ozoni inawasha mapafu, kataa. Dawa nayo mara nyingi huihitaji, na ukitaka kuikubali soma lebo kwanza. Sio jina la mbele, ile maandishi madogo ya nyuma. Lazima iseme imesajiliwa kwa matumizi ndani ya mifumo ya hewa. Marekani kwa mfano, chini ya sheria yao ya viuatilifu ya mwaka 1947 inayoitwa FIFRA, kutumia dawa kinyume na lebo yake ni kosa kisheria, hata kama dawa yenyewe ni halali na hata kama mteja mwenyewe ndiye aliyeomba, na EPA inasema hakuna dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya dakti za faibaglasi. Kwingine sheria zinatofautiana majina lakini lebo ndiyo tunayoanzia karibu kila mahali. EPA hiyo hiyo haitoi cheti wala kuidhinisha kampuni yoyote ya kusafisha dakti, kwa hiyo kadi yenye maneno "imeidhinishwa na EPA" ni ushahidi wa udanganyifu tayari, ipige picha.

Zile simu za ofa nazo zina sheria zake. Canada wana orodha ya kitaifa ya namba zisizopigiwa na wauzaji, ilianza 2008, na mdhibiti wao wa mawasiliano, CRTC, ameshaadhibu kampuni za kusafisha dakti kwa simu hizo. Adhabu kwa kila simu inaweza kufika dola 1,500 kwa mtu binafsi na 15,000 kwa kampuni. Kwa kila simu, sio kwa siku. Sasa mtu anakuja kwetu "nilipigiwa", na nani? "sijui, nimefuta". Jamani. Msifute.

Ukileta malalamiko kwetu au ukiyapeleka kwa mamlaka ya kwenu, beba vitu hivi: namba iliyokupigia na saa, makadirio ya maandishi, mkataba, risiti, video yako ya kabla, picha za baada, na kopo au chupa ya dawa kama ilitumika. Mara nyingi kampuni inaandikiwa kwanza ijibu, ikishindwa inaamriwa kurudia kazi au kurudisha hela, na ikirudia kosa inakuja onyo, faini, hadi leseni kusimamishwa. Kila hatua hapo inategemea karatasi. Ulilipa keshi bila risiti, tutakusikiliza kwa upole kabisa na faili litafungwa.

Kwa wale wanaouliza wafanye nini badala ya kusafisha, badilisha filta kila mwezi mmoja hadi mitatu, weka yenye daraja la juu kadiri mfumo wako unavyoweza kuihimili (daraja hupimwa kwa MERV, na MERV 13 ni nzuri lakini muulize fundi kwanza, feni dhaifu itachoka), na hakikisha imekaa vizuri kwenye fremu yake. Filta ya gharama yenye upenyo wa kidole pembeni, hewa inapita kwenye upenyo.