Kwa nini kliniki ya kisukari inakuelekeza kwa daktari wa meno

Tangu hospitali yetu ianze utaratibu wa kumwelekeza kila mgonjwa wa kisukari katika kitengo cha kinywa na meno angalau mara moja kwa mwaka, kisanduku cha maoni kimekuwa kikipokea lalamiko lile lile kwa miandiko tofauti: mtu amekuja kupima sukari na kuchukua dawa, kisha anaambiwa akapange foleni nyingine ili akaguliwe fizi. Wapo wanaoona tunawapotezea muda, na wapo wanaoamini kwamba utaratibu huu umebuniwa ili kuongeza mapato. Malalamiko kuhusu foleni tunayapokea kwa heshima, kwa sababu wengi hutoka mbali na hufika bila kula. Dai kwamba fizi hazina uhusiano na sukari, hata hivyo, si sahihi.

Utando wa bakteria hujijenga kila siku pale jino linapokutana na ufizi, na usipoondolewa hukakamaa na kuwa ugaga, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Mwili huuchukulia utando huo kama uvamizi, hivyo hupeleka damu na seli za kinga mahali hapo, na ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu ukiguswa. Mwitikio huo wa kinga ndio unaoitwa inflamesheni. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake, nchini Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Katika muda wa wiki 2 hadi 3 wote walikuwa wameanza kuugua fizi, na walipoanza kusafisha tena fizi zilipona. Imepita zaidi ya nusu karne, na bado kila wiki tunampokea mtu aliyeacha kupiga mswaki kwa sababu fizi zinatoka damu. Damu hiyo ni dalili kwamba pale pamebaki uchafu, na panapaswa kusafishwa kwa upole na kwa uangalifu zaidi. Mswaki wa dukani na mswaki wa mti vyote vinafaa, mradi vifike kwenye mstari wa ufizi.

Kwa baadhi ya watu hali haiishii hapo. Inflamesheni hushuka chini, hula mfupa unaoshikilia jino, na kati ya jino na ufizi hutokea mfuko. Ufizi wenye afya una kina cha milimita 1 hadi 3. Tunapopima milimita 4 au zaidi, na mfupa umeanza kupungua, tunazungumzia ugonjwa wa fizi uliokomaa. Mara nyingi hauumi, na hii ndiyo sababu watu hutufikia meno yakiwa yameshaanza kucheza. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2001 yanaonyesha kwamba kwa mgonjwa wa namna hii eneo lote la ufizi linalogusana na meno hufikia sentimita za mraba 8 hadi 20. Hilo si kiganja kizima, kama inavyosemwa mara kwa mara, lakini mgonjwa wa kisukari anayefuata maelekezo hawezi kukaa hata siku 2 na kidonda cha ukubwa huo mguuni bila kukimbilia kliniki. Kinywani hukaa nacho miaka.

Kutoka katika mifuko hiyo bakteria huingia kwenye damu, hata wakati wa kutafuna, pamoja na kemikali za kinga kama interlukini-6. Ini nalo huitikia kwa kuongeza protini inayoitwa CRP, ambayo hupimwa maabara kama kiashiria cha inflamesheni mwilini. Kemikali hizo hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini, na hivyo sukari hupanda. Sukari ikiwa juu, kinga hudhoofika, vidonda huchelewa kupona, na fizi huharibika haraka zaidi. Kila ugonjwa unauchochea mwenzake, na kutibu upande mmoja tu ni kuacha kazi nusu. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti 35 na watu zaidi ya 3,000, yalionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi walipata nafuu ya takriban pointi 0.43 za asilimia katika HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita, baada ya miezi 3 hadi 4. Kiasi hicho hakimruhusu mtu yeyote kuacha dawa zake, lakini ni nafuu ambayo daktari wa kisukari huifurahia.

Kuhusu moyo tunaomba wananchi wawe waangalifu zaidi. Watu wenye ugonjwa wa fizi uliokomaa hupata magonjwa ya moyo na kiharusi kwa wingi kuliko wengine, lakini Chama cha Moyo cha Marekani, katika tamko lake la mwaka 2012, kilikubali kwamba uhusiano upo na kikaeleza wazi kwamba ushahidi hautoshi kusema fizi ndizo chanzo. Vivyo hivyo kwa wajawazito: utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, uliohusisha wanawake 823, ulionyesha kwamba kutibu fizi wakati wa ujauzito ni salama, ila hakukupunguza idadi ya watoto njiti. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kusukutua kwa ahadi kwamba itazuia kiharusi anakudanganya, na inasikitisha kwamba matangazo hayo yanasambazwa na watu wenye elimu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Nesi wa kliniki ya kisukari atakujazia fomu ya rufaa ya ndani, utaipeleka mapokezi ya kitengo chetu pamoja na kadi ya kliniki, na mwenye bima ataonyesha kadi ya bima na kitambulisho kabla ya kuingia kwa daktari, si baada. Siku ya kwanza tunapima kina cha fizi kuzunguka kila jino na kuandika, kisha tunapanga siku ya kuondoa ugaga. Siku hiyo usije na njaa: kula na kunywa dawa zako kama kawaida, kwa sababu sukari ikishuka ukiwa kwenye kiti tutalazimika kusitisha kazi. Mifuko yenye kina kirefu husafishwa kwa ganzi. Mwenye vali bandia ya moyo, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au mjamzito aseme kabla hatujaanza. Anayetumia nifedipini au amlodipini kwa ajili ya presha, na ameona fizi zikikua na kufunika meno, asiache dawa kwa uamuzi wake; tutawasiliana na daktari wake. Mvutaji sigara asijivunie kwamba fizi zake hazitoki damu, kwani tumbaku hupunguza damu inayofika kwenye fizi na kuuficha ugonjwa unaoendelea.

Tunarudia tena jambo ambalo tumelirudia mara nyingi: kuondoa ugaga hakulegezi meno. Jino lililolegea lilikuwa limeshapoteza mfupa na lilikuwa linashikiliwa na ugaga wenyewe, na mianya inayoonekana baadaye inatokana na uvimbe kupungua. Kukwanguliwa na fundi wa mtaani asiyesajiliwa, au kununua antibiotiki bila cheti cha daktari, hakuondoi ugaga ulio chini ya ufizi. Aidha, kutoa tiba ya meno bila usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni kosa la kisheria, na mwananchi ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni ya anayemtibu, hata hapa kwetu.

Baada ya miezi 3 utaitwa tena. Tutapima upya kina cha mifuko, kliniki itapima HbA1c siku hiyo hiyo ili usisafiri mara mbili, na majibu yote mawili yataandikwa katika faili moja, mbele yako.