Pikapu haina moto kwenye plagi: tunayoyaamini na ukweli wake

Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, bado inabeba saruji, maziwa na ndizi katika barabara nyingi za Afrika Mashariki. Siku ikigoma kuwaka, plagi ikichomolewa na kuonekana haina moto, yaani haitoi cheche, mwenye gari hukimbilia dukani kununua koili, kifaa kinachogeuza volti chache za betri kuwa nyingi. Koili isiposaidia hufuata plagi, kisha waya za plagi, kisha ignaita (kifaa cha kielektroniki kinachofunga na kukata karenti ya koili) ya mtumba. Fedha ya mzigo wa wiki nzima inaishia kwenye spea ambazo gari halikuzihitaji.

Inaniuma kwa sababu mfumo wenyewe ni mfupi. Karenti inatoka kwenye betri, inapita kwenye swichi ya ufunguo, inaingia koili kwa tarminali ya chanya na kutokea ya hasi, halafu inafika kwenye ignaita inayoipeleka athi, yaani kwenye chuma cha gari kinachoirudisha betri. Ndani ya distributa kuna gurudumu dogo la meno manne linalopita mbele ya koili ndogo ya ishara. Kila jino likipita, ignaita inakata karenti, na koili kubwa inatema volti nyingi kupitia waya wa kati hadi kwenye rota, mkono mdogo unaozunguka ndani ya distributa. Rota inazigawa kwa plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Pikapu nyingine za kabureta za enzi hiyo, Datsun au Peugeot 504, zinafuata njia ileile, ila nyingi zina platinamu (viguso vya chuma vinavyofunguka na kufunga karenti) mahali pa ignaita. Za dizeli haziko kwenye mazungumzo haya, maana hazina plagi za cheche.

"Staata inazunguka vizuri, kwa hiyo umeme upo"

Staata ina waya wake mnene kutoka betri moja kwa moja. Inaweza kuzunguka kwa nguvu zote huku koili haipati hata volti moja. Kinyume chake pia hutokea: betri dhaifu inazungusha injini polepole, volti zinashuka chini ya 9, na ignaita inashindwa kazi ingawa haina ubovu wowote. Kwa hiyo pima betri wakati staata inapigwa. Kipimo cha gari likiwa limetulia hakikwambii kitu.

Kuna dalili moja ambayo wengi wanaiona bila kuitumia. Injini inashtuka na kuwaka ufunguo ukiwa kwenye staata, lakini ukiuachia tu inazima. Magari yenye rizista (kipunguza karenti) kwenye njia ya koili huiruka rizista hiyo wakati wa kupiga staata, ili koili ipate volti zote. Likizima pale ufunguo unaporudi, tazama rizista iliyokatika au mguso uliochoka ndani ya swichi ya ufunguo. Koili na plagi hazina kosa hapo.

"Hakuna moto, basi koili imekufa"

Hii ndiyo dhana inayokula fedha kuliko zote. Koili haina kitu kinachozunguka wala kinachosuguana. Inakufa, ndiyo, lakini mara nyingi inalaumiwa kwa sababu tu ndiyo inayoonekana kwa urahisi ukifungua boneti. Kabla ya kuigusa, ichunguze kwa testa ya bulbu ya volti 12, ile yenye klipu na ncha kali.

Toa gia, vuta breki ya mkono. Bana klipu kwenye chuma safi cha injini, fungua swichi, gusa tarminali ya chanya ya koili. Taa isipowaka, koili haijapewa karenti, na kubadilisha chochote mbele yake ni kazi bure. Rudi nyuma: fyuzi, soketi zenye kutu, swichi ya ufunguo. Na usisahau jambo hili: pikapu iliyopita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne mara nyingi ina swichi ya kuzuia wizi iliyofichwa chini ya dashibodi, au alamu iliyofungwa na fundi ambaye hakuacha mchoro. Kazi yake ni kukata njia hiihii ya koili. Fuata waya wowote ambao rangi yake haifanani na za kiwandani.

Taa ikiwaka kwenye chanya, mwambie mwenzako apige staata uone kama inaendelea kuwaka. Kisha hamishia ncha kwenye tarminali ya hasi, apige tena. Hapa ndipo mfumo unapogawanyika nusu kwa nusu, na ningependa kila mwenye pikapu ya zamani ajue kupima mahali hapa.

Taa ikipepesa wakati injini inazunguka, ignaita na koili ndogo ya ishara zinafanya kazi. Tatizo liko upande wa volti nyingi: koili yenyewe kwa ndani, waya wa kati, kofia ya distributa au rota.

Ikiwaka mfululizo bila kupepesa, karenti inafika hadi hasi ya koili lakini hakuna anayeipeleka athi. Lenga ignaita, athi yake na koili ndogo ya ishara.

Isipowaka kabisa ilhali chanya inawaka, kuna mambo mawili. Ama uzi wa ndani wa koili umekatika, ama kuna kitu kinaishikilia hasi kwenye athi. Chomoa waya zote za hasi, gusa tena tarminali ikiwa tupu. Ikiwaka sasa, koili ni nzima na shoti iko nje: ignaita iliyoshikana, kondensa ya kuzuia kelele za redio, au waya wa kipimo cha mizunguko ya injini uliochunika mahali fulani. Isipowaka, hapo nenda kanunue koili.

Nasisitiza testa ya bulbu kwa sababu kila karenti inapokatwa, tarminali ya hasi hupata volti mia kadhaa kwa kufumba na kufumbua. Multimita nyepesi inaweza kuharibika, na kidole nacho kitajuta.

"Koili ni koili, mradi iwe ya volti 12"

Sivyo. Koili nyingi za 22R zenye ignaita zina ukinzani wa takriban ohmu 0.5 upande wa volti chache, na kati ya ohmu 8,500 na 11,500 upande wa volti nyingi zikiwa baridi. Koili ya platinamu isiyo na rizista ina karibu ohmu 3 upande wa kwanza. Ukiifunga ile ya ohmu nusu kwenye gari la platinamu, karenti inapanda mara kadhaa na platinamu zinaungua. Kwa ignaita hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa nyingine zina uwezo wa kuzuia karenti isizidi na nyingine zinategemea rizista. Kwa hiyo linganisha namba ya spea, usitosheke na umbo. Na unapopima ohmu ndogo kama hizo, gusanisha kwanza ncha mbili za multimita: waya zake zenyewe zinaweza kuonyesha ohmu 0.2 au 0.3, ambazo unapaswa kuzitoa. Watu wametupa koili nzima kwa kusahau hesabu hiyo.

"Nimelaza plagi juu ya injini, cheche naiona, moto uko sawa"

Hewa ya kawaida inahitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili cheche iruke. Mwanya wa plagi ni kama milimita 0.8, kwa hiyo plagi iliyolazwa nje inaridhika na volti elfu mbili au tatu hivi. Ndani ya silinda, mchanganyiko ukiwa umebanwa, mwanya uleule unadai volti elfu kumi na zaidi. Koili dhaifu itakuonyesha cheche ya kupendeza nje na kushindwa kabisa ndani. Ndiyo maana kifaa cha kupimia moto kina mwanya mkubwa, milimita 6 hivi. Kikiruka hapo kwa mlio mkali, unaweza kuliamini jibu.

Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Plagi ikilazwa juu ya mfuniko uliopakwa rangi au wenye mafuta, haipati athi, na gari zima linahukumiwa kuwa halina moto. Tumia waya wenye klipu kuifunga plagi kwenye chuma kitupu. Usiishike kwa mkono, usiache waya wa kati ukiwa hewani bila pa kurukia, kwa maana volti zisizopata njia hupasua koili au ignaita kwa ndani. Na usifanye hivi karibu na tundu la plagi linalotema petroli.

"Weka plagi mpya kwanza"

Plagi nne hazifi zote asubuhi moja. Silinda moja ikikosa moto, tazama plagi yake na waya wake. Zote nne zikikosa, kosa liko kabla ya mahali rota inapogawa, au kwenye rota yenyewe. Plagi zilizolowa petroli zimelowa kwa sababu hazikupata moto. Zikaushe uendelee na uchunguzi.

"Rota na kofia havina cha kuharibika"

Ondoa kofia ya distributa, piga staata, tazama rota. Isipozunguka, funga boneti na usiendelee kupiga staata. Kwenye 22R, distributa iko mbele ya kichwa cha injini na inaendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua vali), ambayo nayo inaendeshwa na cheni. Pampu ya petroli ya kabureta iko hapohapo na inategemea kamshafti hiyohiyo. Cheni ikikatika, moto na petroli hupotea pamoja, na staata husikika ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida.

Rota ikizunguka, ikague. Plastiki yake ikitoboka, volti zinateremka kwenye shafti ya distributa badala ya kwenda kwenye plagi. Dalili yake ni moto mkali kwenye waya wa kati lakini hakuna kitu kwenye plagi hata moja. Kisha geuza kofia: katikati kuna kaboni ndogo inayobonyea kwa springi, ambayo huisha au kuvunjika. Tafuta pia mistari myembamba myeusi ndani ya plastiki. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichongea, na kuifuta kwa kitambaa hakuiondoi. Kofia hiyo ibadilishwe. Unyevu wa kawaida baada ya kuosha injini, kwa upande mwingine, unahitaji kitambaa kikavu na subira tu.

"Likipoa linawaka, kwa hiyo ni petroli inachemka kwenye mpira"

Petroli kuchemka hutokea, hasa mchana wa jua kali kwenye mlima. Lakini ignaita iliyochoka ina tabia ileile: gari linaenda vizuri, linazima ghafla likiwa moto, linapumzika nusu saa, linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Jawabu linapatikana katika dakika zile gari likiwa limekataa, kwa kupima moto palepale barabarani. Ukisubiri hadi gereji, gari litakuwa limepoa na kila kipimo kitasema ni zima. Ubebe testa na kifaa cha kupimia moto ndani ya gari.

Kabla ya kuihukumu ignaita, ifungue kutoka kwenye bano lake. Nyingi za Toyota zinapata athi kupitia bodi yao na skrubu zinazozishikilia, kwa hiyo kutu au rangi mpya ya bodi inatosha kuinyamazisha. Sugua chuma hadi king'ae, funga tena, pima tena.

Koili ndogo ya ishara nayo ina ujanja wake. Kwenye 22R nyingi inasoma ohmu 140 hadi 180, na mwanya kati yake na meno ni milimita 0.2 hadi 0.4. Fundi anapima, anapata 160, anaipitisha. Lakini waya zake mbili nyembamba zinapindwa kila mara sahani ya distributa inapovutwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), na baada ya miaka hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Acha multimita ikiwa imeunganishwa, kisha isukume sahani kwa kidole huku na huku. Namba ikiruka au kupotea, umeupata ugonjwa.

"Platinamu zikiungua, zisugue kwa msasa"

Kwa Hilux za zamani zaidi zenye injini ya 12R au 18R, na Peugeot 504 nyingi, msasa unaweza kukufikisha nyumbani. Unaacha chembe katikati ya platinamu, na hautibu kilichoziunguza. Platinamu zinazoungua upya baada ya siku chache zinaelekeza kwenye kondensa mbovu au koili isiyofaa. Tazama pia kisigino cha plastiki kinachosukumwa na shafti: kikilika, mwanya unajifunga wenyewe, platinamu hazifunguki tena, na moto unakoma. Mwanya wa Toyota hizo ni karibu milimita 0.45. Upime kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia mwanya) rota ikiwa imetolewa na kisigino kikiwa juu ya kilele cha shafti, weka grisi kidogo sana kwenye kisigino, kisha rudisha testa kwenye hasi ya koili uone taa ikipepesa.

"Lisukume, litawaka"

Kusukuma kunasaidia betri iliyoishiwa nguvu za kuzungusha staata. Gari lisilo na moto kwenye plagi halitawaka hata likishushwa mlima mzima. Litakachofanya ni kumwaga petroli mbichi kwenye silinda, kuosha oili ukutani na kujaza mvuke kwenye ekzosi. Moto ukirudi ghafla, sailensa inaweza kupasuka kwa kishindo. Kwa sababu hiyohiyo, unapopima kwa staata, chomoa mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, uzibe vizuri, na uweke mbali na cheche.