Draivu ya Mota si Swichi ya Kuwashia Tu

Malalamiko yanayofika ofisini kwetu Kisumu siku hizi yanafanana: draivu (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) imeungua, mota imeungua, na aliyeiuza hashiki simu. Tulizozikagua zilikuwa kwenye pampu za mpunga kule Ahero na kwenye mashine za kusaga mahindi upande wa Kakamega. Nyingi hazikuwa mbovu zilipouzwa. Ziliharibiwa siku ya kufungwa.

Draivu hupokea stima ya hezi 50, huigeuza kutoka AC iwe DC, yaani ya aina ya betri, na kuiweka kwenye kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji, kisha huitoa upya kwa hezi unazozitaka. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika ukiishusha hadi hezi 40 huzunguka kama mara 1,150. Draivu haizalishi umeme wala haiongezi nguvu ya farasi. Hili tumelieleza kila barazani, na bado tunaambiwa muuzaji alisema vingine.

Mwenye stima ya fezi moja ya volti 240 akinunua draivu ya kutoa fezi tatu, atapata fezi tatu za volti 240, si 415. Basi kama kibao cha mota kimeandikwa 240/415, waya za mota hiyo lazima ziunganishwe kwa mtindo wa delta, ule wa volti 240. Ikiachwa kwenye stari, mtindo wa volti 415, itakosa nguvu, itavuma, itachemka, na mwishowe waya zake zitaungua. Na mota ya fezi moja yenye kapasita ya kuwashia haifai kabisa kwa draivu hizi za kawaida.

Kuhusu bili: pampu au feni ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, nguvu inayotumia hushuka hadi karibu nusu. Mashine ya kusaga haina faida kubwa namna hiyo. Hata pampu inayopandisha maji mlimani, ukiipunguza mno, itazunguka tu bila tone kufika kwenye tangi.

Sasa usalama, na hapa naomba msome polepole. Kwenye stima ya volti 415, kapasita za ndani hubeba takriban volti 587, na hubaki nazo baada ya kuzima. Zima swichi kuu. Ifunge kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, si kwa mlinzi. Tundika kibao cha onyo. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Kisha pima kati ya vituo vya chanya na hasi, mita ikiwa upande wa DC. Tumewakuta mafundi wakipima upande wa AC, wakaona sifuri, wakaingiza mkono. Sifuri hiyo haimaanishi lolote.

Draivu inahitaji pia kupumua. Moja tuliyoifungua, mapezi yake ya kupozea yalikuwa yamezibwa na unga uliogandamana kama ukoko wa sufuria, na mjusi amekauka katikati ya vituo viwili. Kasha lizibwe nyufa zake bila kuziba njia za hewa, na vumbi lisafishwe mara kwa mara.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni, soma daraja lake na tarehe ya mwisho, kisha andika nambari yake kabla hajagusa waya. Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, kufunga mitambo ya umeme bila leseni ni kosa la kushtakiwa, na "nilikuwa namsaidia jirani" si utetezi.

Unapoleta lalamiko, njoo na picha ya kibao cha mota, picha ya kibao cha draivu na nambari ya leseni ya fundi. Piga pia picha ya msimbo wa hitilafu ukiwa bado kwenye kioo cha draivu. Tafadhali msiufute kwanza ndipo mje kutuuliza ulikuwa unasema nini.