Kwa nini skinhedi wa kwanza wa Uingereza walipenda rege?

Ukitaja rege leo, akili za wengi wetu zinakwenda kwa Bob Marley, kwa rasta na kwa rangi za bendera ya Ethiopia. Ukitaja skinhedi, anayekuja akilini ni kijana wa Kizungu, kipara kinang'aa, anamwinda mtu mweusi barabarani. Mwaka 1969 nchini Uingereza mambo hayakuwa hivyo. Skinhedi walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa santuri za rege, na wanamuziki weusi walikuwa wakiwatungia nyimbo za kuwataja kwa jina. Bendi ya Symarip, ya wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, ilirekodi "Skinhead Moonstomp", wimbo unaowaita vijana hao wavae buti zao waje kucheza. Ilikuwaje?

Mambo yalianzia kwenye nyumba za kupanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilihitaji wafanyakazi, na Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu kutoka Karibi, wengi wao Wajamaika. Wenye nyumba wengi waliwakatalia, kwa hiyo wageni wakaishia kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini kama Brixton na Notting Hill jijini London, au huko Birmingham. Majirani zao walikuwa Wazungu makuli wa bandarini na wafanyakazi wa viwandani. Watoto wakasoma pamoja, na walipokua wakakutana tena kwenye ajira zile zile.

Wajamaika walipofungiwa milango ya kumbi za starehe, walijitengenezea starehe zao. Kule Kingston, watu kama Duke Reid na Coxsone Dodd walikuwa wamejenga utamaduni wa kutandaza maspika makubwa uwanjani na kupiga santuri usiku kucha, mfano wa disko vumbi letu. London mambo hayo yakahamia sebuleni na kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na unene wa besi ulipenya hadi nyumba ya pili. Kijana wa Kizungu aliyelala nyumba hiyo ya pili aliujua muziki huu kabla redio haijautaja.

Kijana huyo alikuwa na kiu yake. Miaka ya 1967 na 1968 wenzake waliosoma waligeukia nywele ndefu, mashati ya maua na nyimbo ndefu za magitaa ya roki zinazosikilizwa kwa kukaa chini. Yeye alikuwa mtu wa kiwandani. Jumamosi alitaka kucheza. Akanyoa nywele karibu na ngozi, akapandisha suruali juu ya kifundo cha mguu, akaishika kwa mikanda ya mabegani, akavaa shati safi la Ben Sherman na buti za Dr. Martens, ambazo zilipoanza kuuzwa Aprili 1960 zilikuwa viatu vya kazi tu. Suruali fupi, kofia ndogo na mwendo wa kujidai aliviiga kwa rudeboi, vijana wakorofi wa Kijamaika waliokuwa wakitanua mitaa hiyo hiyo.

Na muziki wenyewe ulimfaa. Ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, ilikuwa ya mbio. Mnamo 1966 ilipoa ikawa rokstedi, na 1968 ikaibuka rege, mwaka ambao Toots na Maytals walitoa "Do the Reggay". Sikiliza rege ya wakati huo kwa makini. Hesabu "moja-na-mbili-na". Besi ndiyo inayobeba wimbo, gitaa linagonga kwenye "na" na kunyamaza papo hapo, halafu kinanda kinachemka katikati bila kupumzika. Mwili unavutwa pale ambapo hukutegemea kuvutwa, na hata buti nzito inapata pa kutua. Nyimbo nyingi kali za mwaka ule, kama "Liquidator" ya Harry J All Stars, karibu hazina maneno kabisa. Zilikuwa za miguu.

Mwaka 1969 ukawa mwaka wao. Aprili, Desmond Dekker alishika namba moja Uingereza kwa "Israelites". Baadaye "Return of Django" ya The Upsetters ilifika namba tano. Kampuni ya Trojan, iliyoanza 1968 na kupewa jina la lori lililobeba mitambo ya Duke Reid, ilitoa santuri mfululizo.

Hapa pana jambo linaloniumiza. Baadhi ya vijana hao hao waliocheza na Wajamaika usiku walikuwa wakiwavamia Wapakistani na Wahindi barabarani. Bosi wa Trojan, Lee Gopthal, alikuwa Mjamaika mwenye asili ya Kihindi. Ujirani na disko viliwafundisha kumheshimu mtu mweusi waliyemfahamu, na heshima hiyo haikuvuka barabara kumfikia mgeni aliyekuwa na lugha nyingine, dini nyingine na muziki mwingine.

Urafiki ulianza kulegea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Rege ilipunguza mwendo na kuanza kuimba habari za Rastafari, utumwa na kurudi Afrika. Wajamaika walikuwa na kila haki ya kuimba hayo, lakini kijana wa Kizungu wa London hakujiona tena ndani ya wimbo. Kundi la kwanza likasambaratika. Miaka ya mwisho ya 1970 vipara vilipofufuka, wabaguzi wa chama cha National Front walikuwa tayari wakisajili vijana wasio na kazi, na picha tunayoijua leo ikaanzia hapo.

Si wote waliokubali. Mwaka 1979, mjini Coventry, lebo ya muziki ya 2 Tone ilianza na The Specials, bendi ya weusi na Wazungu waliorudi kwenye ska ya zamani. Na mwaka 1987, New York, skinhedi wanaopinga ubaguzi waliunda kundi la SHARP. Nembo inayotambulisha kundi hilo imetokana na ile ya Trojan: kichwa cha askari wa kale, na kofia yake ya chuma.