Hizo mita 30 si za bahari yetu

Jumatatu nyengine, kijana mwengine. Ananiwekea saa mezani, kioo kimejaa ukungu, mshale wa sekunde umelala palepale, na kabla sijashika bisibisi ananiambia lile neno nililolisikia mpaka naliota usiku: "Lakini fundi, imeandikwa mita 30. Mimi maji hayakunifika hata kifuani."

Alikuwa ufukweni Pirates, hapa Mombasa, na wenzake siku ya Jumapili. Namwamini kabisa, hakuzamia popote. Na saa yake imekufa vilevile.

Basi naandika hapa mara moja, ili atakayekuja na neno hilo kesho nimpe simu asome, mimi niendelee na kazi za watu.

Hiyo 30 si kina cha wewe kwenda. Ni presha. Kila mita 10 za maji ni kama baa moja (baa ya kipimo, si zile za Mtwapa), kwa hivyo 30 ni baa 3, 50 ni baa 5, 100 ni baa 10. Kiwango cha kimataifa cha saa za kawaida ni ISO 22810 cha mwaka 2010, na kinachopimwa ni saa mpya, mpira mpya, imetulia tuli ndani ya chombo. Wala si lazima kila saa ipite humo. Kiwanda kinaruhusiwa kuchagua chache kati ya nyingi. Saa za wapiga mbizi zina kiwango chao, ISO 6425, kinachoanzia mita 100, na huko kila saa hupimwa, tena kwa asilimia 125 ya presha iliyoandikiwa. Ndiyo maana usoni pa saa hizo utaona neno "Diver's" (ya mpiga mbizi), si "Water Resist" (haiingii maji) peke yake.

Yaani ile 30 ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Inakwambia alizaliwa na kilo ngapi. Haikwambii lolote kuhusu mtu mzima aliyesimama mbele yako akikohoa.

Sasa kuna wajuaji wa upande wa pili, na hawa ndio wanaonipandisha damu zaidi, maana wamesoma. Wana lile jedwali linalozunguka kwenye simu: mita 30 ni kunawa mikono, 50 ni kuoga, 100 ni kuogelea. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia mkono ukipiga maji presha inapanda mara kadhaa kuliko kina chenyewe. Hata mimi nimelisema hilo kwa miaka, kwa kuwa aliyenifundisha kazi alilisema. Halafu mwanangu wa sekondari akanikalisha chini na daftari lake la fizikia. Mkono ukienda mita 10 kwa sekunde ndani ya maji, kasi ambayo mimi na wewe hatunayo, presha inayoongezeka ni nusu baa. Nusu! Ni sawa na kushuka mita 5. Saa iliyopimwa kwa baa 3 haitishwi na hiyo.

Kwa hivyo ushauri wa jedwali si mbaya, ila sababu yake haisimami. Na bado mimi nawaambia wateja wasiogelee na saa ya mita 30, najua naonekana kigeugeu. Sababu yangu ni nyengine: mpira wake siujui ulivyo, na wewe pia huujui.

Tuseme mpira, maana hapa ndipo penyewe. Chini ya mgongo wa saa mna duara la mpira, jembamba kama tambi. Mwengine umo ndani ya kidude cha majira, kile cha pembeni. Kioo nacho kina wake, au kina kiplastiki. Hivyo ndivyo vinavyozuia maji. Chuma, uzito, bei, jina kubwa usoni, vyote hivyo havizuii tone. Na mpira unazeeka. Unabanwa mahali pamoja miaka mitatu minne, unalala bapa, unakauka, unaacha kusukuma. Joto linauharakisha, sabuni na manukato pia. Nimefungua saa ambazo mpira umegeuka lami, unaacha weusi kwenye kibano. Nyengine unakatika kama kachri ya muhogo.

Ile saa ya kijana, nilipoigeuza, ilikuwa na mikwaruzo ya kisu mgongoni. Alibadilishiwa betri kando ya barabara miezi michache nyuma. Mpira ulikuwa umekunjika na kutoka kwenye mfereji wake upande mmoja, na juu yake mgongo ukagongwa ukafunga. Saa ile ingekunywa maji hata kwenye karai la vyombo. Mita 30 zilikwisha siku ile ya betri, yeye akaenda nazo Pirates.

Ukibadilisha betri, mwambie fundi akuoneshe mpira. Ukiwa bapa au mkavu, ubadilishwe. Ukiwa mzima, usafishwe na upakwe mafuta ya silikoni kidogo. Kidogo, yakhe, si kama unapaka chapati.

Kitu cha pili ni kidude chenyewe. Wanaume wazima, wenye familia, wanatia majira asubuhi na kusahau kukirudisha ndani. Na wale wenye saa za kidude cha kukaza kama kifuniko cha chupa, nusu yao hawajui kama kinakazwa. Wamelipia mita 200 na wanatembea na mlango wazi. Kuna wengine wanakivuta makusudi usiku ati kuokoa betri. Betri utaiokoa kidogo, na hewa ya chumvi utaikaribisha ndani bure.

La tatu ni joto. Saa imekaa juani saa nzima kwenye mkono wa dereva wa tuktuk, hewa ya ndani imetanuka. Anajitosa baharini, ile hewa inapoa ghafla na kunywea, na saa inavuta kama mtoto na mrija wa soda. Mvuto wenyewe ni mdogo. Lakini penye upenyo hauhitaji mkubwa.

Hapa nikiri jambo ambalo mafundi hatupendi kulisema. Ukungu wa kioo si kila mara maji yameingia. Mimi nafungua na kufunga saa katika hewa ya Mombasa. Mwezi wa nne, masika yakipamba moto, hewa ninayoifungia humo ndani imejaa mvuke. Mteja anatoka kwangu, anaingia ofisini kwenye AC, kioo kinapoa, ukungu unatokea dakika chache kisha unapotea. Anarudi kanikunjia uso, nami nashindwa kujua upesi kama nimekosea mimi au ni hewa tu. Siku hizi nasubiri saa ikauke chini ya taa kabla ya kufunga, na inasaidia, ingawa si kila mara. Ukitaka kujipima mwenyewe, fanya wanavyofanya viwandani kwa namna yako: saa iwe na joto la kama digrii 40, weka tone la maji yaliyopoa juu ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukiwa kwa ndani na haukubali kuondoka, nilete hiyo saa leo.

Na tafadhali, mchele upikieni pilau. Mchele hautoi maji ndani ya saa iliyofungwa, unatoa muda tu, na ule muda ndio kutu inaoutaka.

Kuna kitu ambacho vitabu vya Uswisi havikufikiria hata kidogo, nacho ni udhu. Mwanamume wa hapa anatawadha mara tano kwa siku, na maji lazima yafike kwenye ngozi chini ya saa. Kwa hivyo ama anaivua, ama anaisukuma juu na kuizungusha. Anayeivua anaiweka ukingoni mwa birika, na saa nyingi ninazozitia kioo zimekufa hapo, kwenye sakafu ya vigae, si baharini. Anayeisukuma anabaki na maji chini ya mgongo wa saa mchana kutwa. Kama mkanda ni wa ngozi, ndani ya miezi sita unanuka na kuoza kwenye matundu. Kama maji ni ya kisima, na wengi wetu ndiyo hayo, yana chumvi yake. Unaoga chumvi mara tano kwa siku halafu unaniambia saa yako haijawahi kuona bahari!

Dawa ni ndogo. Mkanda uwe wa mpira, wa nailoni au cheni ya chuma, ngozi iwe ya harusini. Kila jioni ifute kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa wiki ioshe kwa maji matamu na mswaki laini, kidude kikiwa ndani, hasa pale cheni inapokutana na saa, ambapo jasho linaganda. Ukitoka baharini ioshe hapohapo. Zile pini ndogo za mkanda zinaliwa na chumvi kimyakimya, na siku zikikatika huwa uko kwenye feri ya Likoni, umeegemea chuma, mkono nje. Zibadilishe kila unapobadilisha mkanda.

Sasa kununua. Igeuze saa kabla hujatazama uso wake. Ikiwa imeandikwa "Stainless Steel Back", soma tena neno la mwisho. Maana yake chuma cha pua ni mgongo tu. Mwili uliobaki huenda ni shaba, au chuma chengine laini, kilichopakwa krome au maji ya dhahabu. Jasho la Mombasa linakula hilo pako, linaanzia pembeni karibu na mkanda, kisha unaona kijani na ngozi inawasha. Tafuta iliyo chuma cha pua mwili mzima, au plastiki kabisa. Plastiki haishiki kutu, acha kiburi.

Kioo: mchanga wa pwani una chembe za madini yaitwayo quartz, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha kawaida cha saa kiko chini ya hapo, kwa hivyo mchanga unakikwaruza. Kioo cha yakuti ni 9, hakikwaruziki na mchanga, ila kikiangushwa kinaweza kupasuka. Kioo cha plastiki kinakwaruzika ovyo lakini ukikisugua kwa dawa ya meno kinarudi. Dawa ya meno kwenye kioo cha kweli ni kupoteza dawa ya meno.

Wanaoniuliza nawaambia hivi. Kama kazi yako ni ya mikono, bandarini au gereji, chukua Casio F-91W na umalize. Imekuwepo tangu 1989, betri yake ni CR2016 inayokwenda kama miaka saba, mgongo una skrubu nne ambazo hata mtoto anafungua. Mkanda utakatika kabla ya mashine. Na angalia, usoni imeandikwa haiingii maji bila kutaja mita hata moja, lakini nimeziona mikononi mwa wavuvi miaka na miaka. Kwa nini? Nadhani ni udogo wake, na kwamba hakuna anayeifungua ovyo. Ni dhana yangu tu.

Ukitaka ya mishale isiyo na betri, kuna Seiko 5, jina lililoanza mwaka 1963. Za asili kidude chake kimekaa penye namba 4, yaani penye saa kumi kwa sisi tunaohesabu kwa akili, na hapo hakikuchomi mkono. Itapotea sekunde kadhaa kwa siku. Usije kwangu kulalamika kwamba simu yako iko sahihi zaidi. Tarehe usiigeuze kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, meno yake yanakuwa yameshikana. Mashine ya zamani kama hiyo ikichoka, mara nyengine kuweka mpya nzima ni rahisi kuliko kuisafisha ile. Inaniuma kama fundi, lakini ndivyo hesabu inavyokuja.

Betri, kwa haraka. Saa nyingi za mishale zinatumia 626. Ikianza na SR ni ya fedha, volti 1.55, inashikilia nguvu mpaka mwisho. Ikianza na LR ni ya alkali, ya bei rahisi, inafifia na ndiyo inayovuja zaidi. Mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde nne nne, saa haijaharibika, inakuomba betri. Na saa iliyokufa iliyomo kwenye droo itoe betri leo, hata kama huna mpango nayo.

Yule kijana nimemwekea mashine mpya na mpira mpya. Ile ya zamani ilikuwa na kutu ya rangi ya chai kwenye koili, usiku mmoja tu wa maji ya bahari. Angeniletea Jumapili ileile jioni, ningeifungua, ningeiosha na kuikausha, na labda, nasema labda, ingepona.