Uwezo wa kubeba wa kayaki ya uvuvi: maana yake hasa

Kuanzia Nyali hadi Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kayaki ya kuvulia ikiuzwa hesabu inayopigwa ni ile ile: imeandikwa kilo 150, mvuvi ana kilo 82, basi zimebaki 68 za samaki. Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe hujitokeza mtu akiwa nje ya mwamba wa matumbawe, upepo wa kusi unavuma.

Uwezo wa kubeba ni jumla ya uzito ambao kayaki inaweza kuuchukua ikaendelea kuelea: mtu, kiti, vyombo, maji ya kunywa, barafu na samaki. Maana ndiyo hiyo tu. Lakini kuelea ni jambo moja na kuvulia ni jingine. Namba ya kiwandani ni kikomo, si mzigo wa kazi. Wazoefu hukadiria mzigo wa kazi kuwa asilimia 65 hadi 70 ya kikomo, kwa hiyo kayaki ya kilo 150 ni ya kilo 105 hivi. Tena viwanda havina kipimo kimoja. Hata Marekani, sheria ya kibandiko cha uwezo kwa boti zilizo chini ya futi 20 imeziacha kayaki nje.

Meli nazo zilikuwa na tatizo hili zamani. Simama Likoni utazame meli inayoingia bandari ya Kilindini ikiwa haina shehena nyingi: ubavuni, karibu na katikati, kuna duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake mistari midogo yenye herufi, T ya bahari za joto, F ya maji yasiyo na chumvi. Ndiyo alama ya Plimsoll. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876, kwa sababu meli zilikuwa zikishindiliwa mizigo kupita kiasi na kuzama na mabaharia wake. Sheria hiyo ililazimisha alama iwepo, ila mahali pa kuichora pakaachiwa mwenye meli. Ilichukua hadi miaka ya 1890 mahali hapo kupangwa kisheria. Kayaki bado ziko pale pale: anayetengeneza ndiye anayejiwekea mstari.

La kuzingatia ni kwamba alama ile haihesabu tani. Inaonyesha ubavu kiasi gani umebaki juu ya maji, na huo ndio ulinzi wenyewe. Chukua kayaki ya kukalia juu ya mita 3.6, upana sentimita 78. Eneo lake kwenye uso wa maji ni karibu mita 2 za mraba, na lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Kila kilo 20 unazoongeza huishusha karibu sentimita 1. Ni kidogo, mpaka ukumbuke kwamba sakafu unayowekea miguu mara nyingi iko sentimita chache tu juu ya maji.

Sasa mrudie yule mvuvi wa kilo 82. Jaketi la kuokolea na nguo zilizolowa, 3. Kiti, 3. Kafi, 1. Rodi mbili na vishikio vyake, 4. Kreti ya soda iliyojaa ndoana, chubwi na koleo, 5. Maji ya kunywa lita 5, ni 5. Betri ya risasi na kifaa cha kutafutia samaki, 3. Nanga na kamba, 2. Sanduku la barafu, 10. Amefika 118 kabla ya kushusha mshipi, na kole kole hata mmoja hajapanda.

Kayaki haizami. Inachofanya ni kukaa chini mno. Matundu ya sakafuni yamewekwa ili maji ya mawimbi yateremke. Ikizidiwa, maji hupanda kwa matundu hayo hayo na kukaa chini ya kiti. Wengi huyaziba kwa vizibo wakaridhika. Hapo wameziba dalili. Wimbi likiingia halina pa kutokea: sentimita 3 za maji kwenye sakafu ya nusu mita ya mraba ni lita 15, kilo 15 nyingine, tena zinazokimbilia upande ule ule kayaki inakolalia. Ndani ya mwamba unaweza usione lolote. Utaona kwenye mlango wa mwamba, maji ya bamvua yakitoka kukutana na wimbi la kusi, pale omo, yaani mbele ya kayaki, inapochelewa kuinuka.

Mpangilio nao unahesabika. Betri na nanga zikae chini, karibu na katikati. Sanduku la barafu likisukumwa lote tezini, yaani nyuma, tezi inakaa chini, omo inapanda, na upepo unaishika omo na kukugeuza kila ukipiga kafi.

Mzigo wa kayaki yako hupimwa majini. Nenda mahali palipotulia, hori ya Tudor kwa mfano, maji yakiwa yamejaa na kusimama. Pakia kila kitu, kaa mwenyewe, na badala ya samaki weka dumu lenye lita 10 za maji. Usizibe matundu. Sakafu ikiwa kavu, mwenzako abandike mkanda ubavuni maji yanapofikia, omo na tezi. Ikilowa, toa kitu kimoja kimoja mpaka ikauke, ndipo abandike.

Kwa hiyo ukiulizwa kayaki yako inabeba kilo ngapi, taja uzito uliokuwa ndani mkanda ulipobandikwa, na wewe ukiwemo. Na muuzaji akikwambia 150, mkubalie, kisha muulize kwa upole ikiwa na 150 sakafu yake inakuwa wapi.