Mtaji wa uendeshaji: kampuni ya uhandisi inavyokwama ikiwa na kazi mkononi

Kijana mmoja mhandisi alinipigia simu kutoka Masasi. Kampuni yake ina mwaka na nusu. "Kaka, nimeshinda zabuni ya pili, ila hela ya kulipa mafundi wa ile ya kwanza sina." Ana mikataba miwili iliyosainiwa, kwenye mchanganuo wa gharama faida inaonekana, na Jumamosi vibarua wanataka chao. Alichopungukiwa kina jina, nalo ni mtaji wa uendeshaji. Mtaani tunaita hela ya kuzungushia.

Mhasibu atakupa hesabu fupi: jumlisha fedha taslimu, madai utakayolipwa karibuni na vifaa vilivyo stoo, kisha toa madeni unayotakiwa kuyalipa ndani ya mwaka. Kinachobaki ndicho mtaji wa uendeshaji. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwa mwenye kampuni changa napendelea kuieleza hivi: ni fedha inayokuvusha kutoka siku unayotoa hadi siku unayolipwa.

Mtu wa Newala au Tandahimba jambo hili analijua tangu utoto. Mikorosho inapaliliwa, salfa inanunuliwa na kupulizwa, watoto wanakula na kwenda shule, na minada inakuja kuanza Oktoba. Hata baada ya mzigo kufika ghalani kuna siku za kusubiri malipo. Fedha inayobeba kaya kwa miezi hiyo yote ndiyo mtaji wa uendeshaji wa mkulima. Asiye nayo anaingia kangomba: anauza korosho kabla ya wakati, kwa bei ya mnunuzi. Mkandarasi asiye nayo hufanya jambo lile lile. Anakopa kwa riba ya mtaani, au anamwachia mwenzake kazi aliyoihangaikia yeye na kubaki na asilimia ndogo. Kangomba ya wahandisi ipo, na nimeona watu wazuri wakiishia humo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umepata kazi ya shilingi milioni 120 kwa miezi minne, jengo la ofisi huko Nanyamba. Kodi tuiache kando kwanza. Gharama zako ni milioni 25 kwa mwezi: saruji, nondo, kokoto, dizeli, mafundi, mlinzi. Mwisho wa kazi faida ni milioni 20, si haba. Sasa fuata siku. Unafanya kazi siku 30 ndipo kazi inapimwa. Mshauri elekezi, yaani mhandisi anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye jengo, anakagua na kusaini cheti cha malipo baada ya wiki mbili. Mkataba unampa mwajiri, yaani huyo mwenye jengo, siku 28 za kulipa. Fedha ya kwanza inaingia siku ya 72, na kazi haikusimama siku hizo zote, kwa hiyo umeshatumia milioni 60. Cheti chenyewe ni cha milioni 30, na asilimia 10 inabaki kwa mwajiri kama fedha ya zuio hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukamilika, kiishe. Unapokea milioni 27.

Rudia kusoma hapo: ili upate faida ya milioni 20 unahitaji milioni 60 mkononi kabla hujaona senti. Mwajiri akichelewa mwezi mmoja tu, zinakuwa 85.

Ndiyo maana kukua kunaumiza. Wengi tunadhani kazi ya pili itaiokoa ya kwanza. Kazi ya pili ya ukubwa ule ule, ikianza mwezi ule ule, inadai milioni 60 nyingine. Malipo ya awali ya kazi B yanalipa nondo za kazi A, kisha kazi C inatafutwa kwa pupa ili kuziba B. Siku mwajiri mmoja akichelewa, zote tatu zinasimama. Kwenye vitabu kampuni hiyo ina faida.

Usajili hauliondoi tatizo hili. BRELA inakusajilia kampuni. ERB inasajili wahandisi na kampuni za ushauri wa kihandisi, CRB inasajili makandarasi kwa madaraja, na kwa kazi za majengo la saba ndilo la chini. Ila chaguo kati ya ushauri na ukandarasi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mshauri hanunui saruji. Pengo lake ni mishahara, mafuta ya gari na kodi ya ofisi. Kwa mhandisi asiye na akiba nzito, kuanza na usanifu na usimamizi ni njia ya heshima kabisa, na ninasikitika inavyodharauliwa.

Huku kwetu kusini umbali nao unarefusha pengo. Saruji tunayo, kiwanda cha Dangote kipo Mtwara. Mtambo wa kukodi mara nyingi unatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Kilwa, aliyekuwa anangoja vifaa kutoka huko aliendelea kulipa mlinzi na mafundi waliokaa bure. Msimu wa korosho nao unapofika, vibarua wanakwenda shambani.

Pengo hupunguzwa kwa vitu vidogo. Pima kazi kila wiki mbili kama mkataba unaruhusu. Peleka cheti na viambatisho vyote siku ile ile, maana karatasi moja ikikosekana faili linarudi chini ya rundo. Omba malipo ya awali, huku ukijua utatakiwa dhamana na kwamba yatakatwa kidogo kidogo kwenye vyeti vijavyo. Jenga uaminifu na duka moja la vifaa, ulipe kwa tarehe hata ukilala njaa, kwa sababu siku 30 za nondo za mkopo ni mtaji usio na riba. Na malipo ya kwanza yasinunue gari. Mimi nilinunua. Pikapu ilikuwa nzuri, nikaiuza miezi saba baadaye kulipa mafundi wa kisima.

Na yule kijana tulikaa naye mkahawani Masasi, tukachora kwenye karatasi moja siku zake za kutoa na siku za kuingia, wiki kwa wiki, kwa kazi zote mbili. Kwenye wiki ya tisa mstari ulizama kabisa. Aliandika barua palepale kuomba akabidhiwe eneo la kazi ya pili wiki sita baadaye.